Mashine Imekataa

Nchini Kenya mashine haiharibiki, inakataa. Gari limekataa kuwaka. Jiko limekataa. Simu imekataa kuchaji. Hata tarakilishi, jina tulilofunzwa shuleni na ambalo sijawahi kumsikia mteja akilitumia, ikifika kwa meza yangu huwa ni "hii kitu", na ugonjwa wake huwa ni mmoja: "Fundi, hii kitu imekataa."

Nimekuwa fundi wa kompyuta Nairobi tangu 2006, na kwa miaka mingi neno hilo lilinichekesha. Mashine haina roho ya kukataa. Kuna kitu kimekatika, kimeungua, kimelegea ama kimejaa vumbi, na kazi yangu ni kukitafuta. Siku hizi sicheki. Mara nyingi mteja huwa amesema ukweli kuliko anavyojua. Mashine yake iko sawa kabisa. Imekataa tu.

Kazi hii sikuisomea. Nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa kusomea pakeji za kompyuta, kama nusu ya vijana wa mtaa wetu: kuandika barua, kujaza majedwali, kuchapa bila kutazama kibodi. Cheti nilipata. Lakini kilichonivuta hakikuwa kwenye skrini. Kilikuwa chini ya meza, ndani ya lile sanduku la kijivu lililokuwa likinguruma. Saiba niliyokuwa nikisaidia kule Umoja ilikuwa na mashine 8, zote mtumba kutoka Uingereza. Asubuhi moja mashine ya pembeni ikaamka ikilia: pii, pii, pii, na skrini nyeusi. Mwenye saiba tayari alikuwa anahesabu pesa za kuipeleka tao. Nikaomba bisibisi. Nikafungua, nikachomoa kijibao cha RAM, nikaona meno yake ya rangi ya dhahabu yamefifia, kama sufuria iliyolala na chumvi. Nilikuwa na penseli yenye raba nyuma. Nikayasugua yale meno kwa raba, nikakirudisha kijibao mpaka kikalia "ka", nikawasha. Ikawaka.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba mafundi dunia nzima wanaijua hiyo raba. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Watu huuliza nilijuaje, na jibu langu halijawahi kumridhisha mtu: ilionekana. Nyanya yangu alikuwa anashika hindi ghalani na kukwambia kama limekauka vya kutosha kusagwa, bila kuuma hata punje moja. Ukimuuliza amejuaje, anakutazama kama mtu aliyeulizwa anapumuaje. Mimi nilijikuta na mkono wa aina hiyo, ila wangu ulikuwa wa vyuma na waya.

Miaka hiyo mkono ulikuwa na kazi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilitengenezwa na kapasita mbovu. Kapasita ni vile vimkebe vidogo vilivyosimama kwenye bodi kama mapipa ya maji juu ya nyumba, kazi yake kutuliza umeme usipande na kushuka. Dawa ya ndani ilikuwa imechanganywa vibaya, ikatoa gesi, vimkebe vikavimba na kuvuja. Mashine hizo zilipotupwa na ofisi za ng'ambo, zingine zilifika kwetu na ugonjwa wao. Hukuhitaji vifaa vya bei. Ulihitaji macho. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbovu imeumuka kama mandazi ndani ya mafuta. Unaitoa, unachomelea nyingine ya shilingi 20, na mashine iliyoitwa maiti inaenda nyumbani kwa miguu yake.

Ama mteja anakuja akilia kwamba intaneti imekataa, kila tovuti inamwambia si salama. Unaangalia pembeni ya skrini: mashine inaamini ni Januari 2002. Kile kibetri cha duara kinachokumbuka saa umeme ukizimwa kimekufa. Tovuti hubeba vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine iliyo 2002, kila cheti kimetoka siku ambazo hazijafika. Betri ni shilingi 50. Unairudishia mashine mwaka wake na dunia inafunguka.

Kwangu huo ndio ulikuwa utamu. Kila kukataa kulikuwa na sababu, sababu ilikuwa na mahali, na mahali hapo palifikiwa na kidole. Diski inayokufa hugonga, taka, taka, taka. Kisanduku cha umeme kilichoungua hunuka kama samaki aliyesahaulika. Mende hupenda joto la mashine kuliko sisi. Nilikuwa nasikiliza, nanusa, nashika.

Sifa zikaenea, na shida yake ikafuata. Jamaa zangu hawakuona mpaka wowote kati ya kompyuta na kitu kingine chenye waya. "Wewe si ni wa kompyuta? Hebu angalia hii friji." Nimeangalia friji, mashine za kinyozi, na shawa ya maji moto iliyokuwa inapiga watu shoti. Mama aliambia kanisa zima kwamba nina karama. Sikumbishia.

Na wakati wenyewe ulikuwa unatubeba. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na kila mtu akawa na maneno ya kesho. Kijana akipata kompyuta, ametoka. Mimi niliamini kwa njia yangu ndogo ya fundi: kwamba mashine yoyote ikishaingia mikononi mwetu, hata kama imetupwa na ofisi ya London, ni yetu. Tutaifungua, tutaielewa, tutaifanya iishi mara mbili.

Mwaka 2011 msichana wa chuo kikuu aliniletea laptopu iliyokanyagwa na matatu. Sizidishi. Skrini ilikuwa unga, bodi imekatika vipande viwili, na ndani yake kulikuwa na tasnifu ya miaka miwili. Alikuwa amelia mpaka akaishiwa. Niligeuza kile kilichobaki, nikatoa skrubu 2, nikavuta diski, nikaiweka kwenye kasha lake la nje na kuichomeka kwa mashine yangu. Faili zote zikajipanga. Kazi ya dakika 10. Alinilipa shilingi 500 na chipsi, na nikarudi nyumbani nikijiona daktari wa upasuaji.

Mambo hayakugeuka siku moja. Yaligeuka milimita kwa milimita, kadiri laptopu zilivyozidi kuwa nyembamba. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye skrini ya Retina, nzuri mno kwa macho, RAM yake imechomelewa kwenye bodi na betri imebandikwa kwa gundi. Wengine wakaifuata njia hiyo, na leo mashine za namna hiyo ziko kila duka. Maana yake ni rahisi: kumbukumbu uliyonunua nayo siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo. Zamani mteja alikuwa ananunua mashine kulingana na mfuko wake, halafu mwaka ukiwa mzuri anakuja kuiongezea. Sasa nafungua kifuniko na sina cha kuchomoa.

Gundi bado ni kitu cha mkono. Unaipasha joto, unavuta polepole, unaomba Mungu. Kilichonichosha kilikuja baada ya gundi.

Nimewahi kubadilisha skrini ya simu, nikatumia skrini halisi iliyotoka kwa simu nyingine ya aina hiyo hiyo. Iliwaka vizuri. Kisha ikatoa onyo kwamba haiitambui skrini hiyo, na mambo mawili ambayo simu ilikuwa ikifanya jana ikaacha kuyafanya. Skrini haikuwa mbovu, haikuwa feki. Ilikuwa haijatambulishwa, na wakati huo aliyekuwa akitambulisha ni kampuni, kwa programu ambayo fundi wa mtaani alikuwa hauziwi. Nilikaa na mita yangu mkononi, kila namba iko sawa, na sina cha kutengeneza.

Halafu zikaja simu za kulipa kidogo kidogo kila siku. Jirani yangu anayeuza chapati alifika mapema.

"Fundi, hii imekataa tangu alfajiri."

Nikabonyeza. Ikawaka bila shida, na skrini ikaandika deni.

"Mama, si mbovu. Imefungwa. Umebakisha malipo?"

"Ya siku tatu. Mtoto alikuwa amelazwa. Sasa si unifungulie tu? Wewe si fundi?"

Nilimweleza kwamba kufuli imekaa ndani sana, na hata nikiipangua itarudi simu ikigusa mtandao. Nilichoweza ni kutoa laini yake na kuiweka kwenye mulika mwizi wangu wa akiba, ili wateja waweze kumlipa kwa M-Pesa. Oda za ofisi mbili alizokuwa akipelekea chapati zilibaki ndani ya ile simu. Deni ni deni, sibishani. Lakini jiko lake alilinunua kwa mkopo wa chama, na hata alipochelewesha mchango, jiko halikuwahi kumzimia moto chapati zikiwa juu.

Kitu kilichonivunja moyo kabisa kilikuja mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili. Dada mmoja aliingia na laptopu imefungwa kwa leso.

"Ni ya ndugu yangu. Alituacha Januari. Ilikuwa chini ya kitanda chake maji yalipoingia."

"Pole sana, dada. Kuna kitu mnatafuta ndani?"

"Alikuwa amemrekodi babu akielezea mambo ya ukoo. Babu anaongea, yeye anauliza maswali. Wote wawili sasa hawako. Mama anataka tu kuwasikia."

Niliacha kazi zingine. Nilifungua, nikasafisha kutu ya kijani kwa spiriti, nikaikausha, nikafuata umeme kwa mita kutoka mlango wa chaja hadi ndani, hatua kwa hatua, siku tatu. Umeme ulifika pote unapopaswa kufika. Chipu kuu ndiyo ilikuwa imekufa, na hiyo haina dawa. Hapo zamani ningesema hakuna neno, twende tutoe diski. Lakini mashine hiyo haikuwa na diski ya kutoa. Hifadhi yake ilikuwa chipu mbili zimechomelewa kwenye bodi, na kila kilichoandikwa humo kimefumbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya ile ile chipu iliyokufa. Sauti ya mzee huyo ilikuwa pale. Ningeweza kuigusa kwa ukucha.

Tulijaribu akaunti yake ya mtandaoni, labda nakala ilibaki huko. Kampuni ilituma nambari ya kuthibitisha kwa laini yake ya simu. Laini ilikuwa imezimwa.

"Kwa hivyo ziko, lakini hatuwezi kuzipata?"

"Ziko, dada."

Aliikunja tena kwenye leso, taratibu, pembe kwa pembe, akaibeba kwa mikono miwili. Sikumtoza kitu. Jioni hiyo nilifunga kibanda mapema na kwa wiki kama mbili kazi ikanipita mbele kama sinema isiyo na sauti. Karama niliyosifiwa kanisani ilikuwa bado iko. Haikuwa na pa kuingilia.

Siwezi kukaa hapa nikatukana kufuli. Naishi Nairobi. Laptopu yako ikinyakuliwa kwa dirisha la matatu, ni jambo zuri kwamba mwizi hataweza kusoma barua zako, picha zako, kitambulisho chako. Wateja wangu wengi wamelindwa na ufumbaji huo huo. Ninachouliza ni nani anakaa na ufunguo wa pili. Mlangoni kwako ukiweka kufuli, bado kuna mlango: una bawaba, una fundi, una majirani wanaojua kwamba nyumba ni yako. Hizi mashine zimetuondolea majirani. Unabaki wewe na kampuni iliyo mbali, na kampuni haijui kwamba mama amefiwa.

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea redio ya baba yake kutoka mashambani. Mbao, vitufe viwili, kitambaa mbele ya spika. Ilikuwa imekataa. Nikafungua skrubu 4 za mgongoni, na upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na karatasi imebandikwa, manjano kwa uzee: mchoro wa redio yote. Kila waya, kila kipande na thamani yake. Nilikaa nikiutazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliyeunda redio ile alijua kwamba siku moja itaharibika, na kwamba itaharibikia mbali na yeye, mbele ya mtu ambaye hatamjua kamwe. Akamwachia mtu huyo ramani.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama nimechoka na teknolojia, huwa namwambia ugumu haujanichosha. Kapasita ndogo kama punje ya sukari naziweza, nina lenzi. Nimechoka na vitu vinavyofika kwangu vikiwa vimeamuliwa tayari. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za mtumba hazina. Mashine za namna hiyo hazina ugonjwa. Feni inazunguka, diski iko kimya, skrini inang'aa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 za taka za elektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ukikaa kwa meza ya fundi unajua kwamba mle ndani kuna vitu vingi ambavyo havijafa.

Basi nafanya ninachoweza. Kwa mteja ambaye kazi yake ni kuandika na kuingia mtandaoni, naweka Linux kwenye mashine yake ya zamani, namwonyesha kwa nusu saa, na wengi wao hawarudi kulalamika. Anayetaka kununua namwambia aje kwangu kabla hajalipa, tuulize maswali manne. Betri inatoka? RAM inaongezwa? Diski inachomoka? Ukipoteza paswadi, ni nani anaweza kukufungulia? Na kila anayeondoka hapa, hata kama alikuja kubadilishiwa kibodi tu, namwambia kitu ambacho ningependa ndugu ya yule dada angeambiwa: weka nakala nje ya mashine. Sauti ya mzazi wako, weka nakala mbili, na umwambie mtu ziko wapi.

Nina kijana ninayemfunza, wa miaka 19. Ana mkono. Nilijua siku ya kwanza, aliposhika laptopu na kuinusa kabla ya kuiwasha. Huwa ananiuliza, "Mkubwa, hii kazi iko na kesho kweli?" na mimi humwambia alete maji ya chai.

Wiki iliyopita alifungua mashine mpya mpya, ya mwaka huu, betri imekataa kushika chaji. Alitoa skrubu zote akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akainua mgongo, akatazama ndani. Hakuna kilichochomoka. Gundi nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Akakaa kimya, kisha akacheka kidogo.

"Hawa hawakututarajia."

Nikampa blowa, nikamwonyesha pa kuanzia.